Motere Moja, Unga na Chuma

Vijana wangu, mnapokuja kusimama kwenye uzio wangu hapa Lumumba na kuniuliza, "Muzee, nipate wapi mashini niiweke nyumbani, nianze kupata cha pembeni?" huwa ninawaona mnaangalia juu. Mnaangalia bati la paa, mnaangalia waya wa umeme, mnaangalia kichwa cha mashine yangu ya zamani chini ya turubai. Angalieni chini kwanza. Sakafu ni nusu ya mashine. Kerezo, ambayo sisi hapa tunaiita tour, ni mashine ya kuzungusha chuma ili kisu kikichonge, na haipendi kabisa kulala kwenye udongo. Ukiiweka juu ya udongo, mvua ya kwanza inazamisha mguu mmoja, na kila unachochonga kinatoka kinene huku, chembamba kule, kama karoti.

Mimi yangu niliimwagia zege. Mke wangu, Mama Furaha, aliitazama mifuko ya saruji ikiingia uani, akashika kiuno.

"Nyumba ya batu iko na udongo, nyumba ya chuma iko na sima," alisema. "Siku moja mimi njo nitalala inje, tour ilale mu kitanda."

Hakukosea sana. Kwa muda mrefu mashine ile ilikuwa na sakafu nzuri kuliko chumba chetu.

Niliinunua Bambu, katika karakana moja iliyokuwa inafungwa, mahali nilipojifunzia kazi nikiwa kijana kama ninyi. Wakati huo nilikuwa nimekwisha kuhamia Bunia, ninafanya kazi ya mchana kwenye karakana ya kampuni ya barabara, na mshahara ulikuwa unakuja kama mvua ya kiangazi: watu wanausikia ukinguruma mbali, wanatoa ndoo nje, haunyeshi. Nikasema, nikiwa na tour yangu mwenyewe, jioni na Jumamosi nitakula jasho langu. Niliisafirisha juu ya lori la kabeji. Kwa kuogopa mvua niliifunga blanketi na kamba, ndefu, imelala katikati ya kabeji. Tulipoingia mtaani, akina mama waliona kitu kirefu kimefunikwa blanketi, na mimi nimekaa kando yake nimechoka, uso umejaa vumbi. Wakavua vitambaa vya kichwa. Kilio kikaanza. Hata nilipofungua blanketi na kuonyesha chuma, mama mmoja aliyekuwa amekwisha kukaa chini alikataa kunyanyuka. Alisema machozi hayarudishwi, apewe kabeji moja. Tukampa.

Sasa, kuhusu mikono yenu. Aliyenifundisha kazi anaitwa Muzee Anselme, marehemu sasa, mtu mfupi mwenye masikio makubwa, katekista wa kanisa la pale Bambu. Hakuvaa saa. Hakuvaa pete. Mikono ya shati aliikunja mpaka juu ya kiwiko, na kijana aliyekuja kazini na shati linalopepea alirudishwa nyumbani kwa mama yake. "Tour haina macho," alikuwa akisema. "Ikikamata nguo, inavuta mpaka mwenye nguo."

Kwa kuwa hakuwa na saa, alipima mwendo wa kisu kwa nyimbo za kanisa. Chuma kigumu alikiimbia wimbo wa Ijumaa Kuu, polepole, mkono unasogeza kisu neno kwa neno. Shaba, ambayo ni laini, aliiimbia Noeli. Ukipita nje ya karakana mwezi wa saba ukasikia watu wanaimba kuzaliwa kwa Bwana, ujue Muzee Anselme ana oda ya shaba. Kulikuwa na mwanafunzi mwenzetu mmoja aliyependa muziki wa dansi. Huyo alichoma visu mpaka Muzee akamhamishia kwenye kupaka rangi. Msicheke. Ninyi leo mna simu zinazohesabu kila kitu, lakini chuma bado kinataka mkono usiokuwa na haraka, na mkono usiokuwa na haraka lazima uwe na kitu cha kuushika.

Jambo jingine ambalo simu haiwafundishi: kitu kilichovunjika hakisemi ukweli wote. Mteja wangu wa kwanza mkubwa alikuwa Abdallah, mchimbaji wa dhahabu, mtu wa kicheko, mwenye mama wa huku na baba wa mbali. Alifika kwa pikipiki kutoka Bambu na vipande viwili vya mhimili, ile fimbo ya chuma inayozunguka ndani ya mashine yao ya kusaga mawe. Nikaviunganisha mezani, nikapima, nikachonga mpya, inang'aa mpaka Abdallah akajitazama meno ndani yake. Akaenda. Siku chache baadaye akarudi, kofia ya sala mkononi, jasho shingoni.

"Muzee, iko fupi!"

"Fupi namna gani? Si nilifuata vipande vyako?"

"Ulifuata vizuri. Inaingia, halafu inafika katikati, inabaki inatazama ule upande ingine kama mugeni."

Nikavitoa vile vipande viwili, nikatazama mahali vilipovunjikia. Midomo ya chuma ilikuwa laini, imesuguana.

"Abdallah, iyi kitu ilivunjika, halafu mukaendelea kuizungusha?"

Akatazama viatu vyake. "Kidogo tu. Tulikuwa tunatafuta kumaliza mawe."

"Basi kipande ya katikati ilibaki wapi?"

"Ilibaki ku Bambu," akasema kwa sauti ya chini, "mu dhahabu ya batu."

Tangu pale, mtu akiniletea kitu kilichovunjika ninamwambia: niletee na nyumba yake. Pima tundu kinamokaa, usipime maiti.

Haya yote nimeyasema ili mfike mahali penyewe, maana hamjaniuliza swali kubwa. Hamjauliza tour yangu ilikuwa inazungushwa na nini. Umeme wa mtaa wetu mnaujua. Tour inataka nguvu isiyolegea, na mimi sikuwa na nguvu hiyo. Mwenye nguvu alikuwa Mama Furaha. Yeye alikuwa na motere ya mazutu, yaani injini ya dizeli, nzito, ya kuwasha kwa kuzungusha mkono wa chuma, aliyoinunua kwa biashara yake mwenyewe ya muhogo wa Kpandroma kabla mimi sijaleta hata bisibisi ndani ya uwanja ule. Motere hiyo ilizungusha mashine yake ya kusaga unga, chini ya kibanda cha mbele. Nilichofanya mimi ni kurefusha mhimili wake, kuutoboa ukuta wa mbao, na kuweka gurudumu la pili upande wa nyuma, ambako tour ilikuwa. Mkanda mmoja kwenda kwenye unga, mkanda mmoja kwenda kwenye chuma.

Namna ya kuishi na mpango huo haiandikwi popote. Mwanamke akimwaga beseni la muhogo mkavu kwa pupa, motere inaguna, inapunguza mbio, na kisu changu kinaacha alama kwenye chuma kama mtu aliyepiga kwikwi katikati ya sala. Ilinibidi nijifunze wateja wa mke wangu. Nilimjua anayemwaga kwa mikono miwili na anayemwaga kidogo kidogo. Wakati mwingine nilipiga kelele kutoka nyuma, "Mama Furaha, nani huyo, ananiharibia!" naye anajibu, "Ni mama wa pasta wa kanisa, nyamaza!" Nikanyamaza. Yeye naye, nikikata chuma kinene, alisikia motere inalia, akagonga ukuta kwa mwiko: punguza. Tuliongea kwa ukuta na mwiko, na ninawaambia, kuna nyumba zinazoongea kwa maneno mazuri lakini hazielewani hivyo.

Halafu ikaja habari ya sumaku.

Upande wa pili wa barabara kulikuwa na Mama Jolie, naye ana mashine ya kusaga. Walikuwa wanasalimiana vizuri, wanaazimana chumvi, lakini kila mmoja alikuwa anahesabu kwa jicho mabeseni yaliyopangwa kwa mwenzake. Siku moja mteja mmoja alilalamika kwa Mama Jolie kwamba bugali lake, ugali wa unga uliosagwa kwetu, lina kitu kinachokwaruza meno. Mama Jolie akaenda akatoa sumaku kutoka kwenye spika ya redio iliyokufa, akaizamisha kwenye ule unga mbele za watu. Sumaku ikatoka na ndevu. Ndevu nyeusi, fupi, za chuma.

Hakuhitaji kusema mengi. Mtaa mzima ulijua nyuma ya ukuta wa Mama Furaha kuna nini. Kufika saa ya kupika, watoto walikuwa wanaimba barabarani kwamba kwa Mama Furaha wanauza misumari kwa beseni. Mama mmoja aliyekuwa mteja wetu wa siku zote alipita na muhogo kichwani, hakugeuka, akasema tu kwa hewa:

"Siye tunakula bugali. Hatujakuwa magari."

Kibanda cha mbele kikawa kimya. Mnajua kimya cha mashine ya unga? Ni kibaya kuliko kelele yake. Kuku walianza kulala pale ambapo wanawake walikuwa wanapanga foleni.

Mama Furaha hakunifokea. Angenifokea ningepumua. Alikuja nyuma, akasimama mbele ya tour, akaigusa kama mtu anavyogusa mbuzi anayemhurumia.

"Papa Furaha," akasema, "motere iko yangu. Jina ya unga iko yangu. Muhogo ya Kpandroma itafika, barabara ikikauka. Kama bateja habarudie kabla ya muhogo kufika, iyi tour itafute kwake. Minakupenda, lakini batoto habakule chuma."

"Nitaifunga ukuta wa matofali," nikasema.

"Funga."

Pesa ya matofali sikuwa nayo, nikafunga turubai, nikajaza mianya ya mbao na matambara, nikafagia kila unyuzi wa chuma. Nikasaga muhogo wetu wenyewe, nikaazima sumaku, nikaizamisha. Ndevu. Usiku sikulala vizuri, sitaki kuwasimulia usiku huo. Asubuhi yake Mama Furaha alikuwa ameketi na ungo mapajani, anageuza ile sumaku, anaitazama kama anavyotazama muhogo uliooza ndani.

"Wiki yote iyi ulikuwa unakata nini?" akaniuliza.

"Bushi za pampu. Shaba."

"Shaba yote?"

"Shaba tupu. Chuma sijagusa."

"Sumaku inakamata shaba?"

Vijana wangu, kuna maswali yanayoingia kichwani kama ufunguo. Sumaku haikamati shaba. Hata siku moja. Mimi, mtu wa chuma, nilikuwa nimekaa na aibu yangu siku zote hizo, wala sikujiuliza. Nikachukua zile ndevu, nikazitandaza kwenye kiganja. Tour inatoa maranda yaliyojikunja kama nywele. Hizi hazikujikunja. Zilikuwa vumbi, vumbi la kitu kinachosuguliwa.

Tukatazamana. Tukaenda mbele, tukafungua tumbo la mashine ya unga.

Ndani ya mashine ile kuna nyundo ndogo za chuma, bapa, zinazozunguka na kuupiga muhogo mpaka uwe unga. Nyundo zilikuwa zimeliwa kama sabuni ya mwisho wa mwezi. Mama Furaha alizinunua mwenyewe sokoni, mpya, zimepakwa rangi nzuri ya buluu, na alizisifu sana. Chini ya rangi ilikuwa chuma laini, cha kukunjia kwa meno. Chuma chote kile tulikuwa tumekipeleka kwenye mabakuli ya watu.

"Nyamaza," akasema Mama Furaha.

"Sijasema kitu."

"Macho yako inasema."

Nikafumba macho. Nikasikia anacheka, kicheko kidogo cha mtu aliyeibiwa na mwizi mwenye adabu.

Sasa sikieni, hapa ndipo kazi ilipo. Chuma cha nyundo ya unga kisitafutwe dukani. Kitafute chini ya lori bovu: lamu za resori, zile bapa za springi zinazobeba lori. Chuma kile kimebeba mizigo ya barabara zetu miaka yote bila kuvunjika, hakitashindwa na muhogo. Kilainishe kwanza kwa makaa, kiache kipoe ndani ya majivu. Kikate, kitoboe. Halafu kirudishe motoni mpaka kiwe chekundu. Utajuaje kama kimefika? Muzee Anselme alinifundisha: kisogeze karibu na sumaku. Chuma kikifika joto lake, sumaku inakikataa, kama hawajawahi kujuana. Hapo hapo kizamishe kwenye mafuta. Mimi nilitumia mawese ya jikoni, na Mama Furaha aliyatoa mwenyewe bila neno, ndipo nilipojua kwamba ameamua kupigana. Uwanja ulinukia kama karamu. Mwisho kipashe moto tena taratibu, ukitazama rangi zinavyotembea juu yake: majani makavu, asali, halafu shingo ya njiwa, zambarau inayong'aa. Kwenye shingo ya njiwa, toa. Ukichelewa, kinarudi kuwa laini. Ukiwahi, kitapasuka kama kioo.

Na zipime kwenye mizani. Nyundo zinazotazamana lazima ziwe na uzito mmoja, la sivyo mashine itacheza mpaka itoke uani. Tulizipima kwenye mizani yake ya muhogo, yeye anasoma, mimi ninapiga tupa.

Siku ya Jumamosi aliwaita akina mama. Hakuwaomba, alituma neno kwamba anataka kusaga mbele za watu, mwenye meno alete meno yake. Wakaja wengi, wengine kwa unga, wengi zaidi kwa kuona. Mama Jolie alikuja na beseni la unga wake mwenyewe, limefunikwa kitambaa cheupe, ili watu walinganishe.

"Zunguzisha na ile tour pia," mmoja akasema. "Kama tour haizunguke, siye hatuamini."

"Na akate chuma ya kweli!" mwingine akadakia. "Asitudanganye na shaba."

"Minakubali," akasema Mama Furaha, na akaniangalia. Jicho lake lilisema: ukiniangusha leo, lala kwa tour.

Nikaizungusha motere. Nikashika chuma, kigumu. Nilikata kidogo kidogo sana, maana upande wa pili walikuwa wanamwaga muhogo, na kama motere ingezimika, tungekuwa tumekwisha. Sikuona lolote lililofanyika mbele, nilisikia. Nilisikia nyundo mpya zinavyopiga, sauti kavu, kama mvua ya mawe juu ya bati. Halafu mwiko ukagonga ukuta: zima.

Nilipotoka, Mama Furaha alikuwa ameumwaga unga kwenye ungo. Sumaku aliifunga ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki, akaizamisha, akaitembeza huku na huku, taratibu, kama mtu anayeosha mtoto. Akaitoa. Ilikuwa nyeupe. Akaipuliza. Vumbi la unga likaruka, na chini yake palikuwa safi. Akampa mama wa kwanza, akampa wa pili. Walipitishiana wote, kila mmoja akipuliza, na kila mmoja akawa na ndevu za unga usoni.

"Eee, kweli," akasema yule aliyesema hawajawa magari. "Haiko kitu."

"Basi ilikuwa nini?"

"Nyundo mubaya," akasema Mama Furaha. "Nilinunua mimi mwenyewe. Ile ya buluu ya soko."

Wanawake wanajua soko: wote wananunua pale pale. Kichwa kimoja kikageuka, halafu vyote, kulitazama beseni lililofunikwa kitambaa cheupe.

"Na ya Mama Jolie tupime!" sauti ikatoka nyuma. "Sumaku si iko hapa!"

"Pima! Pima!"

Mama Jolie alikuwa amesimama, mikono yake miwili juu ya kitambaa. Na mimi, ninawaambia kweli, nilitaka ipimwe. Nilikuwa nimesikia watoto wakiimba misumari siku zote zile.

Mama Furaha aliichukua sumaku kutoka mkono wa mama wa mwisho. Akaitazama. Akamtazama Mama Jolie. Kisha akaifunga kwenye ncha ya kitenge chake, akakaza fundo.

"Iyi sumaku imechoka," akasema. "Imefanya kazi ya kutosha leo. Nani alikuwa wa kwanza mu mustari?"

Wengine waliguna, mmoja akapiga mluzi, lakini beseni la kwanza lilikwisha kuwekwa chini, na foleni ni foleni. Nilirudi nyuma kuwasha motere. Muhogo wa Kpandroma ulipofika, habari ya kuihamisha tour hakuna aliyeitaja.

Kesho yake ya ile Jumamosi, baada ya misa, Mama Jolie alivuka barabara. Alipitia mlango wa nyuma, wa kwangu, si wa mbele. Alikuwa na kitu kizito ndani ya kitenge. Akakifungua juu ya meza yangu. Nyundo, zimeliwa, na kwenye pembe bado kulikuwa na alama za rangi ya buluu.

"Shemeji," akaniambia, "iko namna ya kutengeneza iyi?"

Mama Furaha alikuwa amekwisha kutoka jikoni. Akachukua nyundo moja, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wake, akatikisa kichwa kama mtu anayekutana na ndugu yake. Akasukuma kigoda kwa mguu mpaka mbele ya makaa, akauelekeza mfuko wa kuvukuta upande wa mgeni.

"Ikaa hapa, dada. Shika iyi, sukuma hewa. Polepole, usiharakishe moto."

Mama Jolie akakaa, akakunja kitenge chake cha kanisa katikati ya magoti, akaanza kuvukuta.